Usiisugue Hela ya Bibi!

Mmerithishwa kopo la sarafu za kizamani? Kabla hamjazing'arisha, kuziuza au kununiana, someni hapa.

Tuseme mmeshafika. Safari ya kumtambulisha mchumba kwa wazee imewafikisha Heru Juu, kule kwenye vilima vya Kasulu, baridi inang'ata masikio na mgeni wenu kaja na tisheti ya mikono mifupi kana kwamba anakwenda Coco Beach. Shikamoo zimepigwa, ugali wa muhogo na maharage vimeliwa, na Bibi kaonyesha dalili zote kwamba mkwe kampenda. Halafu anaingia chumbani, anatoka na kopo la zamani la maziwa ya unga, anamimina vilivyomo juu ya mkeka. Ni sarafu thelathini na ushee, za rangi ya kahawia, nyingine zina tundu katikati. "Hizi zilikuwa za babu yenu," anasema. "Nawapeni ninyi."

Kwa kuwa kwa wazee wachumba hawalali chumba kimoja, mabishano ya usiku huo yanahamia kwenye simu. Mmoja anaona ukumbi wa harusi umeshajilipa. Amesikia mjini kwamba pesa ya Mjerumani ni dili, inakwenda kwa mamilioni. Mwingine anaona huo ni urithi, haugusiki, na mtu anayeuza zawadi ya Bibi kabla hata ya kuvishana pete anatia wasiwasi. Meseji zinazidi kuwa fupi. Mwisho wanakubaliana jambo moja tu: asubuhi watafute limau na chumvi, au majivu ya jikoni, wazisugue zote mpaka zing'ae.

Bahati mbaya, hilo ndilo lenye hasara kuliko yote. Kuuza kunaweza kusubiri, kutunza kunaweza kusubiri, lakini sarafu ya shaba ikishasuguliwa haina marejeo.

Kwenye kopo kuna nini?

Tuanze na kuzitenga. Nyumba za Buha zilipata fedha za chuma kwa njia ngumu. Kabla yake watu walibadilishana kwa majembe, chumvi ya Uvinza, ng'ombe na, kule Ujiji, shanga. Kisha serikali ya Wajerumani ikaleta kodi ya kibanda mwaka 1898, na kodi hiyo ilihitaji sarafu au kibarua. Baadaye, enzi za Mwingereza, Waha wengi waliondoka kwenda kukata mkonge mashamba ya mbali, Tanga na kwingineko, wakirudi na akiba yao kiunoni. Kwa hiyo kopo kama hilo mara nyingi lina tawala tatu au nne ndani yake, zimechanganyika kama abiria wa treni ya kati.

Za kongwe kuliko zote huenda zikawa pesa. Namaanisha pesa yenyewe, yenye jina hilo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliitoa kwa shaba nyekundu miaka ya 1890, 1891 na 1892. Upande mmoja una tai wa Ujerumani na jina la kampuni, upande wa pili una maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, kwa sababu watu wa pwani waliokuwa wakifanya biashara walisoma hayo, hawakusoma ya Berlin. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Sultani Barghash wa Zanzibar alishatangulia na pesa yake ya shaba yenye picha ya mizani, ya mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882. Ukiiona hiyo ya mizani kwenye kopo la Kasulu, ujue imesafiri.

Mwaka 1904 hesabu zikabadilishwa. Rupia ikagawanywa sehemu 100, na kila sehemu ikaitwa Heller, jina ambalo Wajerumani wenyewe walilitoa kwenye mji wao wa Hall. Sisi tukalitamka tunavyojua, na mpaka leo unamwambia mwenzio "sina hela" bila kujua unataja mji wa Ulaya. Hela moja ya shaba, yenye taji upande mmoja na namba ndani ya shada la majani upande wa pili, ilitolewa karibu kila mwaka kati ya 1904 na 1913. Nusu hela iliishia 1906. Na kuna ile hela tano nene ya 1908 na 1909, yenye upana wa milimita 37. Hiyo ukiidondosha kwenye sakafu ya saruji jirani anasikia. Chini ya hizi tafuta herufi ndogo: A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg.

Kama kuna yenye herufi T, kaa chini kwanza.

Hela zilizofyatuliwa karakana ya reli

T ni Tabora. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, meli za Waingereza zilifunga pwani na sarafu hazikuweza tena kuja kutoka Ujerumani. Mwaka 1916 Wajerumani wakatengeneza za kwao wenyewe kwenye karakana ya reli, huku majeshi ya Wabelgiji yakisogea kutoka Kongo. Walitumia walichokuwa nacho, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga. Zikatoka hela 5, hela 20 na, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke, rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima. Hiyo ya tembo ndiyo inayowatia watu wazimu. Kila kijana anayekwambia "nina rupia ya Mjerumani" anaota hiyo.

Lakini hela 20 ndiyo yenye raha kwa mtu anayependa kuchunguza. Ilitolewa zaidi ya milioni moja, nyingine kwa shaba ya njano, chache zaidi kwa shaba nyekundu. Kwa kuwa mihuri ilichongwa kwa mkono na kwa haraka, hazifanani. Kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Kuna ambazo ncha za herufi L kwenye neno HELLER zimejikunja, na ambazo zimechongoka. Michanganyiko mingine imejaa tele, mingine ni adimu, na tofauti yote iko kwenye mkia wa herufi moja. Kwa hiyo ukiwa na mbili usiseme "hizi sawa tu, nikupe moja." Chukua kioo cha kukuzia kwanza.

Tabora iliangushwa Septemba 1916. Kigoma ilishaanguka Julai ya mwaka huohuo, na Wabelgiji wakaitawala nchi ya Waha hadi 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Ndiyo maana usishangae kukuta kwenye kopo la Heru Juu senti za Kongo zenye tundu na nyota, ambazo kopo la Lindi au Songea halitakuwa nazo.

Mfalme aliyeacha kiti kwa ajili ya mapenzi

Hapa wasomaji wetu wa kurasa za mahusiano mtanielewa. Mwaka 1936 Edward wa Nane alikuwa mfalme wa Uingereza kwa miezi isiyotimia kumi na mbili. Akampenda Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa amekwisha kuachika mara moja na alikuwa mbioni kuachika tena. Serikali na kanisa wakasema haiwezekani. Desemba akaachia taji, akamfuata mwanamke.

Kule kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia kwenye mzunguko. Huku kwetu ilikuwa kinyume. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hivyo hazikuhitaji sura ya mtu, jina lilitosha. Zikatengenezwa kwa wingi mwaka huohuo zikiwa na jina EDWARDVS VIII, na mkulima wa Kasulu akanunulia chumvi kwa jina la bwana ambaye Waingereza wenyewe hawakulipata mfukoni. Sarafu hii si adimu hata kidogo. Bei yake huenda isilipe nauli ya bodaboda ya kukurudisha mjini. Lakini kama kuna moja kwenye kopo hilo na ninyi ni wachumba, mimi nisingeuza.

Kwa nini limau ni adui

Shaba haikai kimya. Kuanzia siku inatoka kiwandani ikiwa nyekundu kama shilingi mpya, inapokea hewa, jasho la vidole na unyevu, na polepole inajifunika ngozi ya kahawia. Ngozi hiyo ni ulinzi. Inazuia kilicho chini kisiendelee kuliwa, na imechukua miaka mingi kujijenga. Limau, ukwaju, siki, dawa ya kung'arishia vyombo, majivu na dawa ya meno vinaivua ngozi hiyo pamoja na sehemu ya sarafu. Kinachobaki kinang'aa rangi ya waridi isiyo ya asili, na ukikitazama kwa kioo cha kukuzia unaona mikwaruzo myembamba kama sufuria iliyosuguliwa kwa steelwire. Mnunuzi mzoefu anaijua kwa sekunde mbili. Hatakwambia kitu, atashusha bei tu, mara nyingi zaidi ya nusu.

Basi mfanyeje kama zina matope? Maji yaliyochemshwa na kupoa, au bora zaidi yale ya betri yasiyo na asidi, ziloweke, kisha zikaushwe kwa kuzigandamiza na kitambaa laini cha pamba. Msisugue. Kama zina mafuta, asetoni halisi inaondoa mafuta bila kuigusa shaba. Nasema halisi, si ile ya kuondolea rangi za kucha iliyotiwa manukato na mafuta. Na dada, fungua dirisha, usiivute puani, usiwe karibu na moto.

Kuna ubaya mwingine wa kuujua mapema. Ukiona vidoa vya kijani kilichopauka vyenye ungaunga, vinavyorudi hata ukivifuta, hiyo ni chumvi inayoila shaba kutoka ndani. Itenge na wenzake. Kijani kigumu kilicholala bapa hakina haraka hiyo. Na msiziweke kwenye zile mifuko laini za plastiki zenye harufu kali, maana plastiki ya aina hiyo hutoa majimaji ya kijani yenye kunata. Bahasha ndogo za karatasi, moja kwa kila sarafu, ndani ya kopo kavu, zinatosha. Kwenye miezi ya mvua ya Kasulu ongezeni zile pakiti ndogo za chembechembe zinazonyonya unyevu, mnazozitupaga mkinunua viatu.

Daraja: kati ya 1 na 70

Sasa tuje kwenye thamani. Wakusanyaji wengi wa sarafu duniani wanatumia kipimo kilichozaliwa kwenye shaba za kwanza za Marekani, senti kubwa zilizotengenezwa kati ya 1793 na 1857, ambazo kwa upana zinakaribiana sana na hela 20 ya Tabora. Mwaka 1949 William Sheldon, mtaalamu wa saikolojia na mkusanyaji, aliandika kitabu juu ya senti hizo akazipanga kwa alama 1 hadi 70. Ya 1 ni ile iliyolika hadi unaitambua kwa shida. Ya 70 ni kamilifu. Wazo lake lilikuwa kwamba ya 70 iwe na bei mara sabini ya ile ya 1. Hesabu hiyo ya bei ilikufa zamani, alama zikabaki.

Kwa kopo la Bibi huhitaji alama zote sabini. Chukua hela moja, ishike ukingoni kwa vidole viwili, iweke chini ya taa inayotoka ubavuni, kisha uizungushe taratibu. Kama unaona taji kama kivuli tu, na mwaka unasomeka kwa kubahatisha, uko kwenye 4 hadi 8. Majani ya shada yakitengana lakini mishipa yake imelika, ni kama 12 hadi 20. Mishipa ikionekana na urembo wa taji ukiwa mkali isipokuwa sehemu zilizoinuka, umefika 40. Kwenye 50 kulika kuko nchani tu. Kuanzia 60 haijawahi kutumika, na hapo ndipo rangi inaingia: nyekundu ya kiwandani ikiwa imebaki yote, nusu, au imekwisha kuwa kahawia. Kwenye pesa ya 1890 angalia manyoya ya kifua cha tai, ndiyo yanayokufa kwanza.

Kisha punguza kwa ubaya. Hapa wapenzi wa shaba za Kimarekani ni wakali kuliko wengine wote, na mimi nawaunga mkono. Kwao sarafu yenye maelezo ya 40 lakini imekwaruzwa, imepinda au imesafishwa, inahesabiwa kama ya 15 au ya 12. Wanaandika yote mawili, maelezo na ubaya, ili mnunuzi asidanganyike. Huku kwetu kuna za kutobolewa zikavaliwa shingoni kama pambo. Sokoni tundu hilo linaua bei. Nyumbani kwenu linaweza kuwa ndilo la maana, kama aliyeivaa ni mama mzaa Bibi.

Na msijipe alama ninyi wenyewe kwa huruma. Mwachie mwenzio apange bila kuona ulichoandika, kisha mlinganishe. Ikitofautiana sana, chukueni ya chini. Wachumba wengi ninaowajua wangefaidika na zoezi hili hata bila sarafu.

Piga picha kabla ya kumpa mtu

Sheldon huyohuyo alifariki mwaka 1977. Miaka iliyofuata ikagundulika kwamba senti kadhaa nzuri za jumuiya ya wataalamu wa sarafu mjini New York zilikuwa zimebadilishwa: mahali pake zimewekwa za aina ileile zenye daraja la chini, na zile nzuri zilikuwa zimepitia mikononi mwake. Suala likafika mahakamani miaka ya 1990. Waliokoa kesi ni watu waliokuwa wamepiga picha za zamani, ambamo kila kidoa na kila mkwaruzo ulionekana.

Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu yeyote "akakuangalizie bei", piga picha pande zote mbili, andika uzito wa kila moja kwa mizani ya sonara, na uwepo wewe mwenyewe. Pesa ya shaba ina gramu kama 6.5. Rupia 15 ya tembo ina gramu 7.17, na dhahabu yake ni robo tatu tu, kwa hiyo anayekuuzia "dhahabu safi ya Tabora" hajui anachouza au anajua sana. Nakala zake ziko nyingi. Sumaku nayo ni rafiki: shaba, fedha na dhahabu havivutwi. Kinachoruka na kung'ang'ania sumaku ni feki au ni cha juzi. Na yule anayetaka umlipe kwanza "hela ya vipimo" ili mnunuzi kutoka ng'ambo aje na masanduku ya dola, mwambie asalimie kwao.

Ukweli wa bei ni huu. Pesa au hela moja iliyolika, ya mwaka wa kawaida, inauzwa dola chache. Zikiwa thelathini hazilipi ukumbi. Pengine zinalipa kadi za mwaliko. Iliyobaki na wekundu wake, au hela 20 ya Tabora yenye mchanganyiko adimu, ni habari nyingine, na hiyo inafaa kuoneshwa kwa wanaojua, ikiwezekana zaidi ya mmoja, kabla ya kutaja bei. Ya tembo ni maelfu ya dola, lakini haiko kwenye kopo. Zilitengenezwa elfu kumi na sita na kidogo tu.

Kuna pia mpaka wa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863. Pesa na hela ziko upande wa huku. Sarafu za masultani wa Kilwa, vipande vidogo vya shaba ambavyo maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, ziko upande wa kule: usizichimbe, na usizivushe mpaka bila kibali. Baadhi ziliwahi kuokotwa kaskazini mwa Australia mwaka 1944, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje.

Bado kuna yule Bibi. Kabla ya kuondoka Heru Juu kaeni naye mkekani, mchukue sarafu moja moja, mmuulize aliipataje, babu alikuwa wapi mwaka ule, alilipwa kazi gani. Andikeni nyuma ya bahasha kwa maneno yake. Muulizeni pia, kwa adabu na mapema, kama akisema "nawapeni" ana maana mnaweza kuuza. Anaweza kuwashangaza. Wazee wengine watakwambia uza tu mjukuu wangu, ununue bati. Na akisema la, mnagawanaje ikiwa mmoja wenu atahamia Mwanza kikazi? Hilo nalo liandikwe, na bahasha zikae kwa nani.